Msumari wa Nane

Ile nguzo ilijitambulisha kwangu kwa kunichoma bega la kulia.

Nilikuwa nimekwenda katikati ya mji wa Singida, kwenye mtaa wa maduka ya zamani unaoteremka kuelekea ziwani, kuangalia jengo nililosikia litabomolewa. Kazi yangu ndiyo hiyo. Jengo likifa, nafika kabla halijazikwa. Nanunua milango, fremu za madirisha, mbao, mabati yenye uhai, hata bawaba, napeleka kwenye uwanja wangu kando ya barabara ya Mandewa, kisha nasubiri mtu anayejenga kwa kujibana. Kuna wanaoniita mrithi wa marehemu. Sikatai, ila warithi wengine hawalipi.

Jengo lenyewe lilikuwa duka la kizamani la Mhindi, lenye baraza mbele. Baraza lilishikwa na nguzo sita za mninga zilizopakwa rangi ya kijani mara nyingi hadi pembe zake zikawa mviringo. Juu, ukingoni mwa paa, kulikuwa na mbao zilizotobolewa matobo ya maua, zile ambazo jua la saa nne likipita zinachora maua sakafuni. Nikahesabu nguzo nikianzia juu ya mtaa: sita. Nikahesabu nikianzia chini: sita. Nahesabu mara mbili kwa sababu niliwahi kuuziwa nguzo sita nikafika nyumbani na tano, na aliyeniuzia aliapa kwamba ya sita niliiangusha njiani, kana kwamba nguzo ni kitambaa cha jasho.

Nikaegemea moja, ya tatu kutoka juu, nikakunja mikono na kuangalia upande mwingine. Ndivyo mnunuzi anavyosimama. Ukitazama mali kwa mapenzi, bei inapanda kabla hujafungua mdomo. Hapo ndipo kitu kikanichoma nyuma ya bega, nikaruka.

Kicheko kikatoka nyuma ya cherehani.

"Umefika msumari wa nane, baba," alisema yule mama aliyekuwa anashona. "Karatasi ya nane hiyo. Ila una mwili wa mtu mzima, kitambaa chako tutakijua baadaye."

Nikamwamkia, "Shikamoo mama," maana mvi zake zilistahili, naye akaitika marahaba bila kuacha kukanyaga cherehani. Alikuwa fundi wa nguo anayeshonea pale barazani kwa miaka mingi kiasi kwamba cherehani yake ilikuwa imejichimbia alama nne kwenye saruji. Nikaigeukia nguzo. Ilikuwa na misumari ya vichwa vya shaba, imepangwa mmoja juu ya mwingine, kutoka usawa wa kiuno changu hadi begani. Vichwa vilikuwa vinang'aa. Rangi ya kijani ilikuwa imepita kila mahali isipokuwa juu ya misumari ile. Nikaihesabu: minane. Kutoka juu: minane.

"Ni ya nini, mama?"

"Umekuja kuuliza bei ya jengo au kuuliza misumari?"

"Yote."

"Basi anza na jengo. Misumari haibomolewi kesho."

Nikaanza na jengo. Aliyelirithi alikuwa mtu mzima anayeishi mbali, amekuja mara moja tu kutia sahihi, na alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha gari linanguruma. Aliyenunua kiwanja alitaka ghorofa, na ghorofa halina haja na baraza. Mbao zote zikawa za kugombewa. Mgombea mwenzangu alikuwa jamaa mmoja kutoka Sekenke, mchimbaji mdogo wa dhahabu, aliyezitaka zile nguzo kwa ajili ya kuzuia kuta za shimo zisimwangukie.

"Mninga wa zamani haupindi," aliniambia, akiigonga nguzo ya kwanza kama anayebisha hodi. "Nikizishusha chini, nalala usingizi."

Sikuwa na neno. Mtu anayeshuka chini ya ardhi ana haki ya kutaka mti mzuri. Lakini nilikwisha kuona lile baraza likiwa limesimama mahali pengine, zima, na mteja fulani mwenye nyumba ya wageni akilizunguka huku akijifanya hajalipenda. Nikaenda kwa mrithi nikamwambia kwamba mimi nachukua vyote, na mbao za maua, na milango, na kufagia nitafagia. Neno kufagia ndilo lililomaliza kazi. Jamaa wa Sekenke nikampatia boriti za darini, nene kuliko nguzo, akaondoka akiniita mjomba.

Nilipokuwa naandika namba kwa chaki kwenye nguzo, yule mama alisimamisha cherehani.

"Hizo nyingine uza. Hii niachie."

"Kwa nini hii?"

"Ni yangu."

Sasa, mtu wa biashara akiambiwa kati ya sita niachie moja, akili yake hailali. Niliigonga ile nguzo juu, katikati, chini. Nilitega sikio. Nilishawahi kusikia habari za watu waliokuta sarafu za zamani ndani ya mbao zilizochongwa tundu. Nguzo ilinijibu kwa sauti ile ile ya mti mzima kuanzia juu hadi karibu na sakafu. Pale chini sauti ilikuwa nzito kidogo, kama ya boga. Nikafikiri: pesa! Nikachokonoa kwa kisu. Ulikuwa mchwa.

Yule mama alikuwa ananitazama muda wote huo, uzi mdomoni.

"Umepata?"

"Nimepata mchwa."

"Hao nao wachukue. Kufagia si umeahidi?"

Siku hiyo hiyo jibu likaja lenyewe. Mama mmoja alileta binti yake kushonewa gauni la shule. Fundi hakuigusa futi kamba iliyoning'inia shingoni mwake. Alimwambia mtoto, "Visigino ukutani," ingawa ukuta ulikuwa nguzo, akamweka kiganja juu ya kichwa, akatazama kiganja kimeangukia msumari gani. "Wa tatu." Akafungua sanduku la bati, akatoa karatasi ngumu iliyokatwa umbo la gauni, imeandikwa tatu, akaitandika juu ya kitambaa na kuzungusha chaki. Kwisha. Nilikuwa bado nasubiri kipimo na yeye alikwisha kupima.

"Futi ni ya watu wazima," alinieleza. "Mtoto ukimzungushia futi anatekenyeka. Akicheka kifua kinatanuka, akinyamaza gauni linampwaya. Nguzo haitekenyi mtu."

Misumari ile aliigongelea bwana mmoja, fundi aliyekuwa na cherehani pale kabla yake na aliyemfundisha kazi. Kila msumari ulikuwa na karatasi yake. Bwana yule alikwisha kufariki, karatasi zikachakaa, mama akazinakili upya, lakini misumari ilikuwa ile ile. Nusu ya watu wa mji huu, alisema, walisimama hapo wakiwa na meno ya utotoni.

Nikapiga hesabu zangu. Nguzo sita ni baraza. Tano ni kuni. Kumwachia moja ni kuua bei ya zote. Kumnyima ni kumnyima kazi. Nikamwuliza anahamia wapi baraza likiondoka. Akasema kwake ni Mandewa, mbele ya nyumba kuna uwanja mtupu na jua.

"Basi tufanye hivi," nikamwambia. "Baraza zima nalisimamisha mbele ya nyumba yako, kama lilivyo. Wewe unapata kivuli na nguzo yako. Mimi napata mahali pa kuonyeshea mali. Mteja akija, ataliona likiwa limesimama, si lundo la mbao."

"Na akilinunua?"

"Tutaongea."

"Wewe na tutaongea yako," alisema. Lakini alikubali, na chai akaniagizia, na andazi nililipa mwenyewe.

Tulilibomoa kwa adabu. Nilikuwa na seremala mmoja tuliyezoeana, mtu mwenye maneno machache na msumeno mkali. Tuling'oa mbao za maua moja moja, tukizipa namba. Nguzo tulizilaza uwanjani kwangu juu ya matofali, tukazikwangua uchafu kila mahali isipokuwa pale penye misumari, maana mama alikuja mwenyewe na kiti, akakaa akalinda. Seremala alipogusa tu karibu na msumari wa tano, mama alikohoa. Seremala akahamia nguzo nyingine.

Shida ilikuwa miguu ya nguzo. Miaka ya maji ya kudekia na mvua za kurukia barazani ilikuwa imeilegeza, na mchwa wakafuata palipolegea. Seremala akachukua kipande cha mbao akapima: ubovu ulipanda vidole vinne. Nguzo zote sita karibu sawa.

"Ukisimamisha hivi, mwaka hauishi," alisema. "Tukate hapa, tuzichovye mwisho wake oili chafu, zitawazika wajukuu."

Nikamwangalia mama. Mama akaangalia ule ubovu unaomwagika unga kama wa mahindi.

"Kata," akasema. "Mchwa wa Mhindi wasihamie kwangu."

Seremala akakata. Vipande sita vikaanguka, vifupi kama viti vya kuku. Nikaigeukia ile nguzo ya mama nikahesabu misumari, kwa sauti, ili ashuhudie: minane. Nikarudia: minane. Sote watatu tukaridhika. Hakuna kilichopotea.

Vile vipande sikuvitupa. Mimi situpi kitu. Kila kimoja kilikuwa na ubovu upande mmoja tu, kwingine mti mzima. Nikavisugua, nikavipaka oili, nikaviweka ghalani. Seremala akacheka, akaniuliza nani atanunua kisigino cha nguzo. Nikamwambia asubiri.

Baraza likasimama Mandewa. Tulimwaga sakafu ya saruji, tukapachika nguzo juu yake kwa vyuma, paa likapanda, mbao za maua zikarudi mahali pake kwa namba zake. Asubuhi ya kwanza maua yakachoreka sakafuni kama mjini. Majirani wakaja kuona. Mzee mmoja akasimama barabarani akauliza kama mji umehama au yeye ndiye amepotea. Cherehani ilikuwa inayumba kidogo kwenye saruji mpya, isiyo na zile alama zake nne. Mama akaomba kitu cha kuweka chini ya mguu mmoja, nikaleta kipande kimoja kutoka ghalani, seremala akachonga ubavuni mwake kijino kidogo mguu uingie. Wateja wakamfuata. Walikuwa wanaelekezwa kwa urahisi: nenda Mandewa, ukiona baraza la duka pasipo duka, hapo hapo.

Mwezi wa kumi na mbili ukaja, msimu wa sare.

Kuna shule moja ya msingi huko huko Mandewa iliyokuwa inampa mama kazi kila mwaka. Utaratibu wao ni kwamba shule inanunua kitambaa yenyewe, inampimia fundi mita kwa mita, naye anarudisha magauni. Mwaka uliotangulia alishona arobaini kwa kitambaa kama hicho, kikabaki kidogo, akakirudisha. Safari hii magauni yalikuwa arobaini tena, kitambaa kile kile cha bluu, mita zile zile. Mwalimu mkuu aliwaleta watoto wenyewe kwa mstari, wakasimama kwenye nguzo mmoja mmoja, visigino ukutani. Wa nne. Wa tano. Wa nne. Wa sita.

"Watoto wa siku hizi wanakua," mwalimu alisema.

"Wanakula," mama akajibu.

Alipofika gauni la ishirini na sita, alinipigia simu. Hakusema sana. Alisema, "Njoo uangalie kitambaa."

Nilipofika, alikuwa amekitandika chote kilichobaki juu ya mkeka. Hata mimi, ambaye sishoni hata kifungo, niliona. Magauni kumi na manne yalikuwa hayajakatwa, na kitambaa kile kingetoa manane, tisa kwa kujibana.

Lazima nieleze hapa uzito wa jambo lenyewe. Fundi nguo anaweza kuchelewesha, watu wakamsamehe. Anaweza kukosea mkono, akafumua. Lakini akisemwa anakula kitambaa, basi. Kila mtu anajua fundi aliyemlia kitambaa. Ni mzaha wa kila nyumba hadi siku unapomwangukia fundi mwenye jina safi. Mama yule alikuwa hajawahi kusemwa. Na sasa shule ilikuwa inafungua karibuni, na kitambaa cha watu kilikuwa hakionekani.

Mwalimu mkuu alikuja jioni ile. Alimwamkia mama kwa heshima zote, akakaa, akakataa maji.

"Mama, mimi sisemi umekula," alisema taratibu. "Nasema kimeliwa."

"Na nani, mwanangu?"

"Ndilo swali. Mwaka jana mita hizi hizi zilibaki. Mwaka huu tumekuja nyumbani kwako, zimepungua."

Mama alikuwa anakunja kitambaa na kukikunjua. Mwalimu alipoondoka, mama alisema neno moja kwa Kinyaturu ambalo sitaliandika, halafu akaniambia kwa Kiswahili, "Miaka yote pale mjini. Miaka yote. Nimekuja kuchafukia kwangu."

Mimi machozi ya watu siyawezi. Nikashika kazi ninayoijua: kuhesabu.

Nilipima kitambaa kilichobaki kwa futi yangu ya chuma, mara mbili. Nilikwenda dukani walikonunulia, nikaomba kuona fimbo yao ya mita, nikailaza kwenye futi yangu huku mwenye duka akiniangalia kama mtu niliyemvua kofia. Fimbo ilikuwa mita kamili. Nikarudi, nikamwaga mfuko wa mabaki, yale mapande madogo yanayoanguka mkasi ukipita. Mabaki yalikuwa ya kawaida, hata machache. Nikahesabu magauni yaliyoshonwa, yaliyopo na yaliyokwisha kuchukuliwa: ishirini na sita. Nikarudia. Ishirini na sita. Kila kitu kilikuwepo. Hakuna aliyeiba, na bado kimepungua. Hapo udadisi ukanishika kuliko hata huruma. Mali haiwezi kupungua ikiwa hakuna aliyeichukua. Nimefanya biashara miaka mingi, sijawahi kuliona hilo, na nimeona mengi.

"Hayo magauni yaliyokwisha kuchukuliwa," nikamwuliza, "kuna aliyelalamika?"

"Nani alalamike? Wazazi wamefurahi. Yamewapwaya kidogo watoto, wanasema vizuri, atakua humo."

"Yamewapwaya?"

"Kidogo. Mzazi gani analalamikia gauni kubwa? Lingebana ndiyo ungewasikia."

Nilisikia, lakini sikuelewa. Nikasimama kufikiri. Na mimi nikifikiri naegemea. Nikarudi nyuma, nikakunja mikono, nikaegemea nguzo yake, na msumari ukanichoma.

Sikuruka. Nilibaki pale pale, nikausikiliza. Haukuwa begani. Ulikuwa chini ya bega, pale kombe la bega linapoanza kuisha.

"Mama," nikasema, "mimi nimerefuka?"

"Umechoka wewe. Kalale."

"Huu msumari wa nane ulikuwa unanichoma hapa," nikamwonyesha kwa kidole, "sasa unanichoma hapa."

Akaacha mkasi. Nikaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa makubadhi yale yale ya tairi niliyovaa siku ya kwanza; viatu nanunua mara chache. Nikayavua, nikaegemea peku. Chini ya bega bado. Nikayavaa, nikaegemea tena. Nikashika pengo kati ya maumivu ya zamani na mapya kwa vidole vyangu. Vinne.

Maua ya jua yalikuwa yamekwisha kusogea hadi ukutani. Kisha mama akaja, akainama, akaangalia mahali nguzo inapokutana na sakafu, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda.

"Tulikata," akasema.

"Tulikata."

"Na nilisema kata."

"Na mimi nikahesabu misumari."

Tulikuwa tumeilinda misumari kama mayai. Mama alikohoa seremala alipoisogelea. Nami niliihesabu kwa sauti. Kumbe msumari peke yake haupimi kitu. Kinachopima ni ule umbali kutoka msumarini hadi kisiginoni mwa mtoto, na huo tuliukata kwa msumeno, tukaupaka oili, tukauweka ghalani. Na kwa kuwa misumari imeachana vidole vinne hivyo hivyo, kila mtoto aliyesimama pale alikuwa ameruka msumari mmoja. Wa tatu akasomeka wa nne, akakatiwa karatasi ya nne. Kitambaa hakikuliwa na mtu. Kilikuwa kinatembea Mandewa mzima kwenye mapindo marefu na makwapa mapana.

Mama alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini. "Mwalimu anasema watoto wanakua," alisema, akijifuta macho. "Na mimi namjibu wanakula!"

Seremala tulimwita kesho yake asubuhi. Alisikiliza, akaangalia nguzo, akasema ni rahisi: tung'oe misumari, tuipandishe vidole vinne.

"Misumari minane?" mama akamwuliza.

"Minane."

"Ukikosea mmoja?"

"Sikosei."

"Na ukikosea? Na vichwa vikikatika? Huo ni mti mkavu. Unanipa nafasi nane za kukosea, mimi nataka moja."

Seremala akasema basi tuinue nguzo. Nikamkumbusha kwamba juu yake kuna paa, na paa hilo nimelipandisha kwa jasho langu na la wengine. Kusoma msumari mmoja nyuma nako mama alikataa: mtoto wa nane angekosa msumari. Mimi nikatazama sakafu. Kama nguzo haiwezi kupanda, nikawaza, na misumari haihami, basi kimebaki kitu kimoja kinachoweza kusogea.

"Mtoto ashuke," nikasema.

Wakaniangalia.

"Tuchimbe sakafu hapa mbele ya nguzo. Vidole vinne. Mtoto anaingia, anasimama, anapimwa, anatoka."

"Shimo?" seremala aliuliza, uso ameukunja. "Sakafu yangu mpya?"

"Nafasi moja ya kukosea," mama akasema. "Chimba."

Nikaenda ghalani kuleta vipimo vyenyewe, vile visigino vya nguzo, maana hakuna futi ingejua kina kile kuliko vyenyewe. Nikahesabu: vitano. Nikarudia: vitano. Nikaanza kumshuku seremala, kisha jirani, kisha mbuzi. Nilirudi Mandewa nimekunja uso, nikamwambia mama kimoja kimeibiwa. Akanionyesha kwa mkasi. Kilikuwa chini ya mguu wa cherehani yake, mahali nilipokiweka mwenyewe.

Seremala alitindua saruji kwa patasi na kinyongo. Tulikuwa tunakishusha kipande shimoni, tunaweka ubao juu, tunaangalia kama kimelingana na sakafu. Bado. Bado. Sasa. Akalainisha ndani kwa saruji laini, akaacha kijisehemu cha miguu miwili midogo iliyokaa pamoja. Vipande sita vikipangwa viwili kwa vitatu vilijaa humo sawasawa, vikawa kifuniko, mtu asiteguke akipita. Cherehani ikapewa kipande cha tofali. Nilimkumbusha seremala kwamba aliwahi kuniuliza nani atanunua kisigino cha nguzo. Akasema bado hakuna aliyenunua. Ni kweli.

Watoto waliitwa tena, wote arobaini, wakaja na wale waliokwisha kupata magauni wakiwa wameyavaa. Mwalimu mkuu alisimama pembeni, mikono nyuma. Wa kwanza alikataa kuingia shimoni, akauliza kama kuna nyoka. Wa pili aliingia, basi wote wakataka kuingia mara mbili. Mama aliweka kiganja, akasoma. Wa tatu. Wa nne. Wa tatu. Wa tano.

Kilichofuata nilikitazama kwa kustaajabu, maana ni hesabu, na haikuwa yangu. Mama alimvua gauni mtoto wa msumari wa tatu aliyekuwa amevaa la nne, akampa mtoto wa nne kweli. La tano likaenda kwa wa tano. Kila gauni lilipanda hatua moja kwa mwenye mwili wake. Waliobaki bila gauni walikuwa wale wadogo wadogo, ambao kitambaa chao ni kidogo. Magauni mawili makubwa kupita wote hayakupata mwenyewe. Akayafumua, akayakata upya madogo. Baba mmoja aliyekuja kumfuata bintiye akalalamika kwamba gauni jipya limemkaa mtoto barabara mno, lile la kwanza lilikuwa na faida. Mama akamjibu, "Faida hiyo baba ilikuwa ya mtoto wa jirani."

Kabla shule haijafungua, magauni yote yakiwa yamerudishwa kupigwa pasi, mwalimu mkuu alikuja kuchukua. Alihesabu magauni: arobaini. Nilifurahi kumwona akirudia. Kisha mama akamkabidhi furushi dogo lililofungwa kwa ukingo wa kile kile kitambaa cha bluu.

"Nini hiki, mama?"

"Kilichobaki."

Mwalimu akalifungua, akakikunjua, akakipima kwa macho. Kilikuwa kidogo kuliko cha mwaka uliotangulia, maana kukata mara mbili kunakula, lakini kilikuwepo. Akakikunja vizuri zaidi ya kilivyokuwa.

"Nilisema neno siku ile," alianza.

"Ulisema kimeliwa," mama akasema. "Kilikuwa kimeliwa. Na nguzo. Mwakani leta mapema, Disemba nachoka."

Mwalimu alipoondoka na magauni yake, mimi nilibaki na jambo moja halijanitoka. Nilitoa vile vipande sita, nikavihesabu wakati wa kuvitoa, nikaingia shimoni na makubadhi yangu. Miguu yote miwili haikutosha, nikasimama kwa mguu mmoja, mwingine nikaukunja. Nikarudi nyuma taratibu hadi mgongo ukakutana na mti.

Ukanichoma begani. Pale pale.

Nikatoka, nikaingia tena, nikaegemea mara ya pili.

"Toka humo, baba," mama akasema bila kuinua macho. "Kuna mtoto anasubiri."